Tuisti ya Nairobi na Sauti ya Burundi

Mwaka 1960 Chubby Checker aliichezesha Marekani tuisti, na haikuchukua muda mtindo huo ukatua Nairobi. Lakini vijana wa bendi ya Equator Sound hawakuiga tu. Daudi Kabaka, aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, aliuchanganya na kwela ya Afrika Kusini, akaimba Kiswahili cha mtaani juu ya gitaa jepesi lisilotulia. Studioni alikuwa na Fadhili William, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Hiyo ndiyo ikaitwa tuisti ya Kiafrika.

Kisha njia ikageuka. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza, The Tremeloes, lilirekodi wimbo wa Kabaka, “Helule Helule”, nao ukafika nafasi ya 14 kwenye chati za Uingereza. Mtunzi huyu anastahili kutajwa kila historia ya pop ya miaka ya 60 inapoandikwa, na ni nadra kutajwa.

Burundi nayo ina mfano wake wa nyimbo kuvuka mipaka. Mwimbaji Khadja Nin, aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, alichukua wimbo “Free” wa Stevie Wonder wa Marekani. Hakuutafsiri neno kwa neno. Aliuandikia maneno ya Kiswahili, akauita “Sina Mali, Sina Deni”, ukasikika Ulaya mwaka 1996 pamoja na albamu yake Sambolera.