Washikadau wa Jiji na Swali la Majengo

Katika lugha ya mipango miji nchini Kenya, neno "washikadau" limekuwa kama chumvi. Halikosi katika mchuzi wowote. Serikali, vyuo vikuu, shule na wafanyabiashara, wote ni washikadau. Katika mkutano mmoja wa wakazi niliouhudhuria Majengo, Pumwani, karani alilitamka neno hilo mara nyingi alipokuwa akifasiri mpango ulioandikwa kwa Kiingereza. Bibi mmoja akainua mkono: "Mwanangu, hao wameshika dau. Sisi tumeshika nini?" Watu wakacheka. Karani hakujibu. Makala haya yananuia kulizingatia swali hilo.

Ikumbukwe kwamba Majengo yenyewe ni zao la mapatano. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, utawala wa kikoloni uliitenga Pumwani iwe makazi ya Waafrika, ukawahamishia huko watu wa vijiji vya awali vya Nairobi. Serikali ilitoa viwanja, nao wakazi wakajijengea nyumba za udongo na miti kwa mtindo wa Waswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili. Jasho na fedha vilikuwa vya mjenzi, ilhali ardhi ilibaki mikononi mwa mwenye mamlaka. Si wachache miongoni mwa wajenzi hao waliokuwa wanawake, jambo ambalo wanahistoria wameliandika, ila sisi wa fasihi hatujalitendea haki.

Ubia mashuhuri zaidi wa Majengo ulikuja baadaye, nao ulikuwa wa vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, vilianza kushirikiana katika utafiti wa magonjwa ya zinaa mwaka 1980. Kufikia mwaka 1985, wanawake wa Pumwani waliojipatia riziki kwa kuuza ngono walikuwa wakifuatiliwa katika kliniki ndogo mtaani humo. Ikabainika kwamba baadhi yao, licha ya kukabiliwa na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, hawakuambukizwa. Habari hiyo ilizunguka dunia. Chuo Kikuu cha Oxford kiliingia katika ubia, wafadhili wakafuata, na mwaka 2001 chanjo iliyotokana na ujuzi huo ikaanza kujaribiwa Nairobi. Haikufaulu kama ilivyotarajiwa.

Hata hivyo, kabla ya majaribio hayo, mwaka 2000, ulizuka mgogoro: maombi ya hataza ya chanjo yalikuwa yamewasilishwa bila kuwashirikisha watafiti wa Nairobi. Mkataba ulipitiwa upya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata nafasi yake miongoni mwa wamiliki. Haki ilitendeka, lakini ilitendeka baina ya taasisi. Wanawake waliotoa damu walipata matibabu, na matibabu si jambo dogo kwa maskini wa jiji. Hata hivyo, katika lugha ya mikataba mtu wa namna hiyo huitwa "mshiriki" au "mnufaika". Hawi mbia. Tofauti ya maneno haya ndiyo aliyoigusa yule bibi.

Je, kuna namna nyingine? Tutazame Mukuru, upande wa viwandani wa jiji hilihili. Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi iliyatangaza makazi ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Humo, Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vilifanya kazi pamoja na mashirika mengi, ukiwamo Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wenyewe. Wakazi walijihesabu, wakakusanya takwimu za maji, vyoo na kodi, na wakajadili mapendekezo wakiwa katika vikundi vya kaya chache chache. Tusiipambe picha hii kupita kiasi: mwaka 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao ili kupisha barabara. Mpango haukuwakinga. Ila walipopinga, walikuwa na hesabu zao mkononi, si vilio vitupu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 184 nacho kinataka wakazi washiriki katika utawala wa miji. Vifungu hivi viwili havijakutanishwa. Mkazi hupewa muhtasari wa kurasa mbili, mkataba wenyewe ukabaki katika lugha asiyoimudu. Idara zetu hufundisha tafsiri na istilahi mwaka hadi mwaka, na mazoezi yetu mengi huishia katika makabati ya wahadhiri. Kwa nini mswada mmoja wa mpango wa Eastlands usiwe zoezi la muhula, ukatafsiriwa wote, kisha ukasomwa mbele ya wenye nyumba? Mathalani, "hataza", "fidia", "umiliki wa pamoja" na "haki ya kurejea" ni istilahi ambazo mwenye nyumba wa Majengo anazihitaji kabla hajatia sahihi. Kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Pumwani ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja.