Bakteria wa tumboni na kisukari: Mursik si badala ya dawa

FORT TERNAN, katika Kaunti ya Kericho, hupakana na nchi ya miwa upande wa bondeni na nchi ya majani-chai upande wa milimani. Hapa, kama kwingineko miongoni mwa Wakipsigis, mgeni huheshimiwa kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet.

Maziwa hayo yamejaa bakteria. Hivyo, anayesikia kwamba bakteria wa tumboni wana uhusiano na kisukari huenda akashawishika kuweka tembe kando na kushika kibuyu. Hilo ni kosa la hatari.

Utumbo mpana wa binadamu una matrilioni ya bakteria. Baadhi yao hula nyuzinyuzi za mboga, maharagwe na nafaka ambazo mwili hauwezi kusaga, kisha hutoa asidi iitwayo butireti. Asidi hiyo huulisha ukuta wa utumbo na kuchochea homoni zinazosaidia kongosho kutoa insulini.

Mwaka 2012, watafiti nchini China waliochunguza watu 345 walibaini kuwa wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na upungufu wa bakteria wanaotengeneza butireti. Mwaka 2015, utafiti mwingine ulionyesha kwamba metformini, dawa maarufu ya maradhi hayo, nayo hubadilisha bakteria wa tumboni. Hata hivyo, upungufu huo ulionekana hata kwa wagonjwa ambao hawakuwa wakitumia dawa hiyo.

Je, mursik ina nafasi gani? Bakteria wake wengi ni wa jamii ya laktobasila, ambao hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya ukali. Hao si watengenezaji wa butireti, na wengi wao hupita tu tumboni bila kufanya makao.

Wenye manufaa hayo tayari wamo ndani yetu. Wanachohitaji ni chakula. Sageti, managu, maharagwe na ugali wa wimbi huwafikia. Sukari ya chai haiwafikii, kwani hufyonzwa mapema na kuingia moja kwa moja damuni.

Kwa hivyo, mgonjwa na abadilishe sahani yake kwa ushauri wa daktari, lakini asiache dawa. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, anaweza kufariki katika muda wa siku chache.