Mahindi Mabovu Hayaishii Kwenye Ungo

Wengi wetu tunaamini kwamba ugali ukiiva sawasawa, moto umekwisha kumaliza kila kibaya. Moto huua kuvu, ni kweli, lakini sumu iliyoachwa na kuvu hubaki. Aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, huvunjika kabisa kwenye joto linalopita nyuzi 200, na Nairobi, kwa kuwa iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla hata ya kufika 100. Sufuria haitusaidii hapa.

Ngano nayo ina balaa lake. Kuvu aina ya fusari hushika masuke yakiwa bado shambani, hasa mvua ikinyesha wakati wa kuchanua, na huacha sumu inayotapisha. Watafiti wameikuta Narok na Nakuru. Lakini mkazi wa Kibera au Kawangware anakula mahindi kila siku kwa ugali, uji na githeri, na huko ndiko Aspergillus flavus, kuvu inayotoa aflatoksini, hutamba.

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 wakafa. Hicho ni kifo cha haraka, ini likishindwa kazi. Kinachonitia wasiwasi zaidi mjini ni dozi ndogo ya kila siku, ambayo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Sheria ya viwango inaruhusu mikrogramu 10 tu za aflatoksini kwa kilo ya mahindi. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku chapa tano za unga zilizokutwa zimepita kiwango hicho.

Je, anayenunua kwa gorogoro na kusagisha posho yuko hatarini zaidi kuliko anayenunua pakiti? Ana jambo moja ambalo mwenye pakiti hana: anaiona punje. Na hili lina maana kubwa, kwa sababu sumu haitapakai sawa ndani ya gunia. Punje chache zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au kubadilika rangi hubeba sehemu kubwa ya sumu yote, nyingine zikiwa safi kabisa. Kuchambua mahindi kwa mkono kabla ya kwenda kwa mashine hupunguza sumu kwelikweli, ingawa hakuimalizi, kwani punje nzuri kwa macho inaweza kuwa na sumu ndani. Kukoboa pia husaidia. Wakamba, kwa muthokoi wao, huondoa ganda na kiini, ambako sumu hukaa zaidi. Mahindi yakishasagwa, nafasi hiyo imepita: punje mbaya imeshachanganyika na kilo nzima.

Swali ambalo halijibiwi ni hili: punje mbovu zilizochambuliwa na kutolewa kwenye ungo huenda wapi? Mara nyingi kwa kuku, au kwa ng'ombe wanaofugwa mjini humu humu. Ng'ombe akila aflatoksini, mwili wake huigeuza na kuitoa kwenye maziwa kwa sura nyingine, aina ya M1, ambayo kuchemsha maziwa hakuiondoi. Utafiti kuhusu watoto wadogo wa Korogocho na Dagoretti, eneo lenye Kawangware ndani yake, uliochapishwa 2016, ulikuta kwamba mtoto aliyepata M1 nyingi zaidi alielekea kuwa mfupi kuliko umri wake. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, na njaa pia hudumaza. Lakini mimi sihitaji uthibitisho zaidi ili nimwambie mama asimpe ng'ombe mahindi yaliyooza.

Mama peke yake, hata hivyo, hawezi. Mahindi yanapaswa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla hayajaingia ghalani, na hilo huamuliwa mbali na Kibera. Gunia likikataliwa mjini bila mwenyewe kufidiwa, atalishusha bei na kuliuza kwa anayetengeneza chakula cha mifugo; mwenye gunia si mwovu, anatafuta karo ya watoto. Ukaguzi unaoishia kwenye pakiti za unga dukani haujagusa gunia hilo. Serikali ya kaunti ingelinunua gunia hilo na kuliteketeza, na ingelipa kidogo kuliko inavyogharimu kumtibu mgonjwa mmoja wa saratani ya ini.