Dhahabu ya Meli "Egypt"

Katika pwani yetu, toka Lamu hata Kilwa, ni shida kukaa barazani pamoja na wazee usisikie habari za chombo kilichozama na mali yake. Mmoja atasema ni marikebu ya Mreno. Mwingine atasema ni jahazi la tajiri wa Kiarabu. Na huko bara wako wasadikio kwamba Wajerumani, walipokimbia katika vita vya 1914 hata 1918, waliacha masanduku ya dhahabu mtoni au ziwani. Hadithi hizi zina tabia moja: mahali penyewe hapajulikani hasa, na mtu aliyepaona amekwisha kufa. Hatusemi kwamba zote ni uongo. Twataka kuwaeleza wasomaji jinsi mali iliyozama itafutwavyo kwa kweli, na mfano tuuchaguao ni wa meli ya Kiingereza iliyoitwa Egypt, kwa kuwa habari zake zimeandikwa toka mwanzo hata mwisho.

Egypt ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya P. & O., yenye ukubwa wa tani karibu 8,000. Tarehe 19 Mei 1922 iliondoka London kwenda Bombay. Abiria walikuwa 44 tu, maana wengi walitazamiwa kuipanda huko Marseilles; lakini mabaharia na watumishi walikuwa karibu 300, na wengi wao Wahindi. Ndani ya chumba cha chuma, chini ya sitaha tatu, ilichukua mali ya mabenki: tani 5 za dhahabu katika vipande, tani 10 za fedha, na pauni za dhahabu 165,979. Thamani yake yote kwa hesabu ya siku zile ilipita pauni milioni moja.

Siku ya pili jioni, karibu na kisiwa cha Ushant katika pwani ya Ufaransa, ukungu mzito ukaifunika bahari. Meli ya shehena ya Kifaransa, jina lake Seine, ikatokea ghafula ndani ya ukungu ikaipiga Egypt ubavuni. Omo ya Seine ilikuwa imetiwa nguvu ili ipate kuvunja barafu, basi ubavu wa Egypt ukapasuka kama kibuyu. Kwa muda wa dakika 20 hivi meli ikazama. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wao walikuwa watumishi wa melini. Magazeti ya siku zile yaliandika sana habari ya dhahabu, na ya wale maiti yaliandika machache.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo watu wengi hukosea. Mali iliyozama si mali isiyo mwenyewe. Dhahabu ya Egypt ilikuwa na bima, na wenye bima, watu wa Lloyd's wa London, waliwalipa mabenki fedha yao upesi. Walipokwisha kulipa, dhahabu ile ya baharini ikawa mali yao. Mtu aliyetaka kuitafuta ilimbidi apatane nao kwanza kwa hati, ili akishindwa hasara iwe yake, na akifaulu apate fungu lake.

Mapatano yalifanywa 1923, lakini watu wa kwanza waliojaribu hawakufika mbali. Shida ilikuwa mbili. Ya kwanza ni kupajua mahali. Nahodha wa Egypt alikuwa na hesabu yake, ile Seine hesabu yake, na vituo vya simu ya upepo vya pwani hesabu yao, nazo hazikupatana. Tofauti ya maili chache juu ya karatasi ni ndogo. Baharini, mahali ambapo huoni kitu ila mawimbi, ni jangwa zima.

Shida ya pili ni kina. Egypt ililala katika maji ya pima 66 hivi, yaani futi karibu 400, sawasawa na minazi mirefu mitano ikisimamishwa mmoja juu ya mwenziwe. Maji ya kina hicho hukandamiza kila inchi ya mraba kwa uzito wa ratli zaidi ya 170. Mpiga mbizi avaaye vazi la mpira na kofia ya shaba hana budi kupelekewa hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu iliyo sawa na ile ya maji, kama sivyo ataumizwa vibaya. Na hewa hiyo ina hila yake. Huingia katika damu, na mtu akipandishwa upesi hutoka damuni kwa mapovu, kama chupa ya soda ifunguliwapo, ikampoozesha viungo au kumwua. Kwa hiyo siku zile vazi la mpira halikufaa kwa kazi ya pima 66.

Kampuni ya Kitaliana iliyoitwa Sorima, ya mji wa Genoa, ndiyo iliyoleta dawa ya jambo hili. Mkuu wake alikuwa Giovanni Quaglia, na mkubwa wa wapiga mbizi wake alikuwa Alberto Gianni, mtu wa Viareggio. Badala ya kumvika mtu vazi, walimtia ndani ya chombo cha chuma kinene mfano wa mtungi mrefu, chenye vidirisha vya kioo kichwani. Ndani yake hewa ilikuwa ya kawaida kama ya juu, basi mtu aliweza kushushwa na kupandishwa wakati wowote bila madhara. Mikono yake haikuweza kugusa kitu nje. Kazi yake ilikuwa kutazama na kusema kwa simu: "Kushoto kidogo, shusha, simama, funga." Juu melini mwenziwe alisikia, akaendesha koleo kubwa la chuma lililoning'inia kwa waya. Macho yalikuwa chini na mikono ilikuwa juu, na kati yake futi 400 za maji.

Walianza kutafuta 1929 kwa meli iliyoitwa Artiglio, na maana ya neno hili kwa Kitaliana ni ukucha. Njia yao haikuwa ya ajabu. Meli mbili zilikwenda sambamba zikikokota waya mrefu juu ya sakafu ya bahari, na kila waya uliponasa walitia boya, wakamshusha mtu atazame. Mara nyingi lilikuwa jiwe, au meli nyingine iliyozama wakati wa vita. Hata mtawa mmoja mwenye kijiti cha kutafutia maji aliletwa awaonyeshe mahali; wasomaji wasidhani ya kuwa ramli ni ya Afrika peke yake. Lakini Egypt haikupatikana kwa kijiti, ilipatikana kwa waya, mwisho wa Agosti 1930, baada ya majira mawili ya kwenda na kurudi juu ya maji yale yale. Walipandisha sanduku la chuma la nahodha, wakalifungua kwa shauku. Ndani walikuta karatasi.

Wakati wa baridi bahari ya Ushant haina kazi kwa mtu. Basi Artiglio ikaenda kusini, kwenye maji ya Quiberon, kuvunja mabaki ya meli ya Kiamerika Florence H., iliyolipuka na kuzama 1918 ikiwa imejaa baruti. Kwanza walikaa mbali sana kila walipolipua. Siku zikapita, baruti ya ile meli haikushika moto, nao wakadhani imekwisha kuharibiwa na maji ya chumvi. Wakaanza kukaa karibu. Tarehe 7 Desemba 1930 baruti yote ikalipuka kwa mara moja, na Artiglio ikazama palepale. Watu 12 walikufa, na Gianni alikuwa mmojawapo. Mtu yule aliyekuwa mwangalifu kuliko wote katika maji ya pima 66 aliuawa katika kazi iliyodhaniwa kuwa nyepesi.

Quaglia hakuacha. Alitafuta meli nyingine akaipa jina lile lile la Artiglio, na mabaharia wengine wakajiandikisha, wakijua yaliyowapata wenzao. Mwaka wa 1931 wote na mwanzo wa 1932 walikata sitaha moja baada ya nyingine kwa baruti, wakayatoa mabati kwa koleo. Vitu vya ajabu vilipanda juu: bunduki, vitambaa, na noti za dola ya Hyderabad zilizopigwa chapa Uingereza. Dhahabu haikuonekana. Tarehe 22 Juni 1932, koleo lilipomwaga takataka zake juu ya sitaha, pauni chache za dhahabu zikaanguka katikati ya matope. Baadaye vikafuata vipande vyenyewe. Mpaka 1935 walikuwa wametoa sehemu zaidi ya 95 katika kila 100 za mali yote. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu toka meli izame.

Tukirudi kwetu, marikebu moja ya hadithi za wazee imepatikana kweli. Ni Santo António de Tanná, iliyotumwa kutoka Goa kuwasaidia Wareno waliozingirwa na Waarabu wa Oman ndani ya Ngome ya Mombasa toka 1696 hata 1698. Ilizama Oktoba 1697 mbele ya Ngome yenyewe. Toka 1977 mpaka 1980 wataalamu, pamoja na watu wa makumbusho ya Kenya, waliichimbua chini ya maji. Matope ni mengi pale, na mpiga mbizi haoni mbali, hata ilibidi kila kitu kipimwe kwa kamba na kuandikwa kabla ya kuondolewa. Waliotazamia masanduku ya dhahabu hawakuyaona. Palikuwa na mizinga, mitungi, vyombo vya kauri vya Kichina na magogo ya mpingo, na vingi vya vitu hivyo vimewekwa ndani ya Ngome, ambapo kila mtu aweza kuvitazama. Mbao za marikebu yenyewe zilipimwa na kuchorwa, kisha zikafukiwa tena kwa mchanga ili zisioze.