Hatari ya malori ya mafuta ianze kufunzwa shuleni

Moi's Bridge, mji ambao baadhi ya wazee wangali wakiuita Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi wa zamani, wengi wanaujua kwa mahindi. Maghala ya Halmashauri ya Nafaka yapo pale, na msimu wa mavuno foleni za matrekta na malori ya wakulima huwa ndefu. Hata hivyo, barabara hiyo hiyo itokayo Eldoret kwenda Kitale, wapitamo watoto wa shule, bodaboda na ng'ombe, ndiyo pia njia ya malori ya mafuta yaelekeayo Kitale, Lodwar na hata Sudan Kusini. Mwaka 2018 na 2019 yaliongezeka mengine yaliyotoka upande wa pili, yakileta mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, hadi Mombasa.

Hali hii ina chanzo chake. Bomba la mafuta lililotoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu. Tangu hapo shehena kubwa ya mafuta ya magharibi haikuwa na haja ya kupandishwa kwa lori kutoka pwani. Ilikuwa hatua njema. Lakini bomba likiishia Eldoret, lori huanzia Eldoret, na hatari iliyoondolewa katika barabara moja huwa imesogezwa hadi nyingine.

Kila ajali itokeapo, tunasikia maneno yale yale: magari yakaguliwe, madereva wapewe mafunzo, mwendo udhibitiwe. Hakuna mwenye akili timamu atakayeyapinga. Ila tukizitazama ajali zilizoua watu wengi zaidi katika eneo letu, tutaona jambo ambalo ukaguzi wa breki hauligusi. Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, walikufa watu zaidi ya 100. Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2, 2010, walikufa zaidi ya 200. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya 100 tena. Malanga, Siaya, Julai 2021, lori la mafuta liligongana na lililobeba maziwa, na watu wasiopungua 13 wakateketea. Katika misiba hiyo, wengi wa waliokufa hawakuuawa na kupinduka kwa lori. Waliuawa na moto uliozuka baadaye, wakati umati ulikuwa umekwisha kukusanyika.

Maana yake ni kwamba baina ya ajali na maafa kuna kipindi kifupi, pengine robo saa, pengine zaidi. Katika kipindi hicho zimamoto wa Kitale au Eldoret wangali njiani, na polisi, wakiwapo, ni wawili watatu. Wenye uamuzi ni wanakijiji wenyewe. Nao hao, ni nani aliyewafunza?

Kuna wanaosema kwamba waliokufa waliponzwa na tamaa. Kauli hiyo ni nyepesi mno, tena haina huruma. Mtu ambaye lita 20 za petroli ni sawa na ujira wake wa siku kadhaa hawezi kuzuiwa kwa matusi. Isitoshe, watoto wanaokulia kandokando ya barabara kuu wameona mafuta yakinyonywa kutoka malorini na kuuzwa kwa mitungi, wala pasitokee moto. Wamejifunza, kwa macho yao, kwamba petroli ni mali tu kama mahindi yaliyomwagika. Somo hilo la uongo haliwezi kufutwa ila kwa somo la kweli.

Somo lenyewe si gumu. Kiwakacho si petroli ya maji bali mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi kali kuliko ya barafu. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupai juu kama moshi, bali hutambaa chini, ukafuata mitaro na mabonde mpaka uikute jiko la mama mwuza chai. Huko Sange moto uliwafikia hata watu waliokuwa ndani wakitazama kandanda ya Kombe la Dunia, ambao hawakwenda kuteka chochote. Mwalimu aweza kulionyesha hili bila tone la petroli. Atie magadi na siki katika jagi, angoje povu litulie, kisha aumiminie mshumaa ile hewa isiyoonekana. Mshumaa utazimika, na wanafunzi watakuwa wameona kwamba hewa nzito humiminika kama maji. Kisha awaulize: je, kama hewa hii ingekuwa ya kuwaka?

Awaeleze pia kwamba cheche haihitaji kiberiti. Pikipiki inayowashwa yatosha. Msamvu, taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kuna aliyekuwa aking'oa betri ya lori.

Ndoo nayo ina somo lake. Akina mama wachotao maji huweka majani juu ili yasiruke njiani. Matangi ya mafuta yamegawanywa vyumba, na mengi huwekwa kuta zenye matundu ndani, kwa sababu hiyo hiyo. Chumba kilichojaa hutulia; kilichojaa nusu husukasuka, na penye kona mzigo huo huweza kulilaza lori zima. Kwa hiyo mwenye kituo cha mafuta anayeagiza ashushiwe nusu chumba, lori liendelee na safari, anamkabidhi dereva gari gumu zaidi kuliko alilokuja nalo. Na mwajiri anayemlipa dereva kwa hesabu ya safari anamnunulia haraka.

Kisha kuna namba. Bamba la rangi ya machungwa lenye 1203 ni la petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa. Mwanafunzi anayezijua ataweza kupiga 999 au 112 na kueleza kilichomwagika. Mafuta mengi yakimwagika, watu wote walio ndani ya mita 300 upande uendako upepo waondolewe. Tangi likishika moto, mita 800 kila upande. Ni umbali wa viwanja vinane vya kandanda, ilhali mazoea yetu ni kusimama hatua ishirini tukipiga picha.

Ni kweli kwamba lori lililo salama kuliko yote ni lile lisilokuwapo barabarani. Reli ilifika Kitale tangu 1926, ikipitia Moi's Bridge, na suala la kulivusha bomba kutoka Eldoret hadi Uganda limezungumzwa tangu miaka ya 1990. Mambo hayo ni ya serikali na fedha nyingi. Somo la magadi na siki halihitaji bajeti. Moi's Bridge imo Uasin Gishu, jirani ya Trans Nzoia na Kakamega. Basi wakuu wa elimu wa kaunti hizi tatu wangeweza kukutana na kukubaliana kwamba kila shule iliyo kando ya barabara hii ifanye zoezi moja kila muhula: kengele inapigwa na nani, wanafunzi wanaelekea upande gani upepo ukitoka mashariki, na nani anatumwa kuwaambia wauza chai wazime majiko.