Mapango ya Mont Hoyo: namna ya kupanga safari

Wengi wanatuuliza: tutatembelea lini mapango ya Mont Hoyo? Tueleze kwanza.

Mlima huu uko Ituri, kaskazini ya Beni, karibu na barabara ya Komanda. Mawe yake ni ya chokaa. Maji ya mvua yako na asidi kidogo, yanayeyusha jiwe polepole, na hivyo pango linazaliwa. Ndani ya pango la Matupi, miaka ya 1970, Mbelgiji Francis Van Noten alichimba vyombo vya mawe vya zaidi ya miaka 40.000.

Mambo ya kupanga ni haya:

1. Kiongozi mwenyeji, na tochi kwa kila mutu. Ndani ni giza tupu.

2. Mvua ikinyesha, hapana kuingia. Mwaka 2018, kule Thailand, vijana 12 na mwalimu wao wa mpira walifungiwa na maji pangoni zaidi ya wiki mbili.

3. Hapana kugusa popo, juu wengine wanabeba Marburg. Ugonjwa huo uliua wachimba zahabu wa Durba kati ya 1998 na 2000.

4. Kuoga chini ya maporomoko: tupime kina kwa fimbo, tusiruke kichwa mbele.

Lakini barabara inapita yote. Tangu 2014 watu wengi wameuawa upande wa Oicha na Eringeti. Kwa hiyo mpango tuko nao, tarehe hatuna. Hakuna pango lenye bei ya mwanafunzi mumoja. Tuombe amani, na karatasi hii tuitunze.