Nyumba ya Popo Katika Kiwanja Chako

Wewe mkulima wa Mutwanga, ukikaa nje jioni utaona popo wadogo wakiruka huku na huku. Hao hawali ndizi zako. Hula nondo, mbu na wadudu wengine. Lakini mchana hulala chini ya mabati, wakachafua dari. Basi yafaa uwatengenezee nyumba yao, mbali na yako.

Chagua mahali peupe. Usipigilie sanduku juu ya mti, kwa maana matawi huwazuia kuruka, na nyoka hupanda. Simamisha nguzo imara, sanduku likae juu meta 4 au 5, uso wake uelekee mashariki lipate jua la asubuhi. Jua la mchana ni kali mno hapa bondeni. Tena lisiwe karibu na kisima, wala jiko, wala mahali pa kuanika kakao, kwani mavi huanguka chini yake kila siku.

Sanduku liwe jembamba: urefu sentimeta 60, upana 40, na nafasi ya ndani sentimeta 2 tu, maana hupenda kubanana. Mbao zisipakwe rangi wala dawa. Ndani uzikwaruze kwa kisu, wapate kushika kwa kucha. Chini liwe wazi, na ubao wa nyuma uzidi kushuka, ndipo watakapotua. Kisha ngoja. Huenda miezi mingi ikapita hawajaja. Usiwakamate ukawatia kwa nguvu.

Nawe uingiaye katika mashimo ya dhahabu, jihadhari. Wale popo wakubwa zaidi, walao matunda na kulala mapangoni, waache huko huko. Huko Durba, tangu 1998 hata 2000, ugonjwa wa Marburg ulishika watu 154, wengi wao wachimbaji, wakafa 128. Katika shimo la Kitaka, Uganda, wachimbaji waliugua 2007, popo wakauawa na shimo likazibwa. Haikufaa kitu: 2012 popo walikuwa wamerudi, na wenye ugonjwa kati yao walizidi wa kwanza, mwaka ule ule Marburg ikatokea tena Ibanda, karibu na hapo.

Hata popo mdogo akianguka, usimshike kwa mkono, wala mtoto asimchezee. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni, uende hospitali siku ile ile. Mavi yake ni mbolea nzuri ya kahawa, lakini yamwagie maji kwanza yasitoe vumbi, ujifunge kitambaa puani, ndipo uyachote kwa jembe.